Samaki Pembeni ya Jina

Sura ya Nne

Machibya alikuja na habari njema siku ambayo Amondi hakuwa na moyo wa kuipokea.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, saa sita mchana, katikati ya lile wimbi la tatu la korona ambalo watu wengi wa Mwanza hawapendi kulikumbuka hata leo. Amondi alikuwa ofisini kwake, chumba chembamba kinachotazama mawe na ziwa. Mezani kulikuwa na rosta ya wauguzi, penseli, raba, na kikombe cha tangawizi kilichopoa tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyekuwa metroni wa hospitali ile. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mbili, lakini kwa miezi miwili hiyo alitembea kama mtu wa hamsini. Asubuhi hiyo peke yake alikuwa amehesabu mitungi ya oksijeni mara tatu, amemtafutia kitanda nesi ambaye mwenye nyumba wake wa Mkuyuni alimtolea vyombo nje kwa kuogopa ugonjwa, na amekaa kwenye stoo ya mashuka akimpapasa mgongo nesi mwingine aliyelia mpaka kwikwi. Hayo yote aliyamudu. Lililomshinda ni ujumbe wa saa nne kutoka Wodi ya Chini, walikolazwa wagonjwa wa korona: nesi Getruda amewekewa oksijeni.

"Hodi, metroni!"

Sauti hiyo angeitambua hata katikati ya mnada. Aliinua macho. Machibya alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, barakoa usoni, na juu ya barakoa macho yake yakicheka.

"Tangu lini unapiga hodi hapa?" Amondi aliuliza.

"Tangu leo. Mkwe wa watu lazima ajifunze adabu mapema."

"Mkwe wa nani?"

Machibya aliingia, akavuta kiti mpaka mbali, kama walivyokuwa wakikaa wote siku hizo, akaketi na kuweka mikono magotini. Alitaka kulisema jambo lenyewe taratibu, lakini furaha ilimzidi.

"Mama amekubali," alisema. "Nyar Rorya, mama amekubali! Jana jioni kaniita Buhongwa, kanikalisha, kaniambia Jumamosi wazee watatu na mshenga wanapanda basi la asubuhi kwenda kwenu. Barua ya posa ameshaiandikisha. Nimeisoma kwa macho yangu. Jina lako lipo, Amondi binti Okech, halijakosewa hata herufi."

Nyar Rorya, binti wa Rorya, ndilo jina alilokuwa akimwita walipokuwa wawili tu. Maneno machache ya Kijaluo aliyoyajua Machibya alijifunza kwa ajili ya mwanamke huyu, na mengi aliyatamka vibaya, lakini hilo alilitamka vizuri kabisa.

Amondi alijaribu kutabasamu. Miaka miwili aliisubiri sentensi hiyo. Miaka miwili mzee Okech alikuwa akimuuliza kwa simu, "Huyo Msukuma wako ana watu, au aliokotwa?" naye akamjibu wanakuja, baba, wanakuja. Sasa walikuwa wanakuja kweli.

"Mbona kimya?" Machibya aliuliza. "Mimi nilidhani utaruka mpaka dari."

"Nimefurahi."

"Hivyo ndivyo wanavyofurahi Wajaluo? Basi mzee Okech akinikubali itabidi mnipe taarifa kwa maandishi." Alicheka peke yake, kisha akapunguza sauti. "Sijui nini kimemgeuza mama. Tangu tumzike ndugu yangu Mihayo nilifikiri ndiyo basi, hatanisikiliza tena. Ni mkono wa Mungu tu."

Amondi alitazama raba iliyokuwa mezani. Alijua nini kilimgeuza Mama Kija, mama yake Machibya. Hapakuwa na mtu mwingine hospitali nzima aliyejua.

*

Siku kumi na mbili kabla, Mama Kija alikuja getini na kumwita. Hakutaka kuingia. Alikuwa ameketi kwenye jiwe la nje, kanga mbili mwilini, barakoa ya kitambaa imeshuka kidevuni, na mapajani kafuko ka karanga za kuchemsha ambako hakukafungua.

"Shikamoo, mama," Amondi alisema.

"Marahaba. Hujambo wewe."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Mara zote alimwita wewe, au yule nesi. Mbele ya shemeji zake alishawahi kusema kwamba hana neno na Wajaluo, ila mkwe wa kutoka mbali namna hiyo humchukua mtoto moja kwa moja, na yeye hana watoto wa kugawa.

"Mihayo mlinirudishia ndani ya mfuko," Mama Kija alianza, bila hasira. "Sikumwona uso. Nilizika mfuko."

"Pole sana, mama. Ndivyo ilivyokuwa inabidi."

"Sijaja kulaumu. Nimebaki na huyu mmoja. Nimesikia Jumamosi anaingia tena kule chini."

"Ni zamu yake."

"Hizo zamu anaziandika nani?"

"Mimi."

"Basi tumalizane sisi wawili." Yule mama aliinua macho, na Amondi akaona ni macho yale yale ya Machibya, ila haya yalikuwa yamekauka. "Mimi ni mtu mzima, sitazunguka. Miaka miwili nimekukataa, na wewe unajua. Mtoe mwanangu kule. Ukimtoa, wazee wangu wataenda kwenu mwezi huu huu. Nitakuita mkwe mbele za watu. Hata leo nianze, ukitaka. Umenisikia, mkwe wangu?"

Ni neno dogo, lakini lilimpata Amondi pale pale palipokuwa na njaa. Alijiona kwao Shirati, amevaa gauni zuri, mama zake wadogo wakipiga vigelegele, mzee Okech akijifanya mkali huku meno yote nje. Alimwona pia Machibya ndani ya mfuko. Atakayesema asingeyumba, na aseme. Amondi aliyumba.

Pale hospitalini rosta iliandikwa kwanza kwa penseli. Ilibandikwa ukutani siku tatu ili mwenye mgonjwa nyumbani, mwenye mimba au mwenye msiba ajitokeze kabla haijapitiwa na wino. Utaratibu huo aliuanzisha Amondi mwenyewe, na wauguzi walimpenda kwa ajili yake, kwa kuwa waliona wana mtu anayewasikiliza. Alhamisi ile, watu walipokwenda kula, aliibandua rosta, akafuta jina la Machibya kwa raba, akaandika Getruda. Siku iliyofuata akapitisha wino.

Machibya alipouliza, alimjibu bila kumtazama, "Wodi ya watoto hawana mwanaume wa kubeba mitungi. Daktari mkuu amekutaka kule." Naye akaamini, maana hakuwahi kuwa na sababu ya kutomwamini.

Getruda naye aliuliza. Alikuwa binti wa Ukerewe, miaka ishirini na sita, mcheshi kupita kiasi, na wiki hiyo alikuwa ametoka kusuka kwa ajili ya harusi ya kaka yake kule Nansio.

"Dada, mbona juzi kwenye rosta sikuwa mimi?"

"Yamebadilika, mdogo wangu. Nisaidie."

"Na harusi?"

Getruda alishika misuko yake, akaipima kwa mkono kama anayeiaga, kisha akacheka.

"Haya bwana. Kaka ataoa hata nisipokuwepo. Mimi sina mume wala mtoto wa kunililia."

*

"Getruda amewekewa oksijeni," Amondi alisema sasa.

Tabasamu lilimtoka Machibya. "Getruda wetu?"

"Homa ilianza Jumapili. Walidhani ni uchovu. Leo asubuhi kipimo cha kidoleni kimesoma themanini na nne."

"Mungu wangu!" Machibya alisimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Na waliobaki chini wako wangapi?"

"Wanne. Odeta amesimama tangu jana usiku. Nimemwambia akae, anasema akikaa hatainuka."

"Basi usipoteze muda. Niandike mimi."

"Hapana."

"Hapana nini? Naingia saa nane na zamu ya mchana. Jumamosi wazee wataenda bila mimi, posa haimhitaji bwana harusi. Watasema kwa niaba yangu." Alijaribu kutania. "Tena wataongea vizuri kuliko mimi."

"Nimesema hapana, Machibya."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukuandika."

"Amondi, mle ndani kuna watu wasiopumua na Odeta anaanguka. Huwezi kwa nini?"

Angeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa tayari ulimini, wodi ya watoto, mitungi, daktari mkuu. Ila alikuwa amechoka, na yule aliyekuwa mbele yake alikuwa ametoka kumshukuru Mungu kwa kazi ya raba.

"Kwa sababu nilikutoa," alisema. "Jumamosi ile ilikuwa zamu yako. Nilikufuta nikamweka Getruda. Mama yako alikuja getini akaniomba. Aliniambia nikikutoa, atatuma wazee."

Nje kikapita kitoroli cha mitungi, magurudumu yakilia juu ya sakafu, na wote wawili wakakisikiliza mpaka kikaisha.

"Rudia," Machibya alisema.

"Umenisikia."

"Nataka urudie, maana huenda mimi ndiye mjinga. Hiyo barua niliyoisoma jana nikashindwa kulala kwa furaha... hiyo barua ni Getruda?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

"Niliogopa!" Amondi alisimama, na machozi yakamtoka bila ruhusa. "Nilimwona mama yako akiniambia amezika mfuko. Nikakuona wewe humo. Nilikupenda nikaogopa, ndiyo hivyo tu. Wewe hujawahi kuniogopea?"

"Kila siku nakuogopea. Kila siku, Amondi. Ukikohoa kule kwenye korido mimi huku wodini nashika ukuta. Lakini sijamsukuma mtu mwingine mbele yako."

"Sikujua ataugua."

"Na mimi ungejua ningeugua?"

Amondi aliketi tena.

"Mama mwache," Machibya aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililomtisha Amondi kuliko kama angepiga kelele. "Mama alimwombea mtoto wake. Mama yeyote angeomba. Kazi ya kukataa ilikuwa yako. Watu humu ndani wanaingia kule chini kwa sababu wanaamini wewe huchagui. Unajua wanavyosema? Wanasema, sista Amondi akikuandika, ujue imekufikia kweli. Getruda aliingia akiamini hivyo."

"Najua."

"Ulinitazama ukaniambia wodi ya watoto."

"Sikukutazama," Amondi alisema kwa sauti ndogo. "Nilishindwa."

Machibya aliichukua ile rosta mezani. Chini ya jina la Getruda, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, herufi za jina lake zilionekana bado, maana Amondi alikuwa na mkono mzito wa kuandika. Alizitazama muda mrefu. Kisha akairudisha, akaisogeza mbele ya Amondi, na juu yake akaweka kalamu ya wino.

"Niandike," alisema. "Usiandike kwa penseli."

Aliandika. Jina lilitoka kama la mtoto wa darasa la kwanza.

*

Chumba cha kuvalia kilikuwa nyuma ya jengo la mwisho kuelekea ziwani, jengo ambalo kila mtu aliliita Wodi ya Chini. Wafanyakazi waliingia humo kwa siku kumi na nne, wakala na kulala kwenye vyumba vya pembeni yake, wasirudi nyumbani mpaka wapimwe. Ilikuwa desturi ya Amondi kumvalisha kila anayeingia. Alifunga kamba za gauni, alikaza miwani, alikagua glovu, na alimuuliza kila mmoja amekula nini. Wengine walisema kule kuulizwa wamekula nini ndiko kulikowapa nguvu.

Halafu kulikuwa na plasta. Mtu akishavaa yale mavazi hana sura tena, hata mama yake hamjui, kwa hiyo metroni alikata kipande cha plasta, akaandika jina kwa maka peni, akakibandika kifuani.

Mapenzi yao, ukiuliza yalitoka wapi, yalikuwepo siku nyingi. Ila yalipata alama yake kwenye plasta hiyo. Mwezi wa tano, Machibya alipoingia mara ya kwanza, Amondi aliandika jina lake, akasita, kisha pembeni akachora samaki mdogo kwa mistari miwili na nukta ya jicho.

"Huyu wa nini?" Machibya alimuuliza siku ile.

"Ni wa kwetu. Atakuangalia mpaka utoke."

Wagonjwa walimzoea yule samaki. Mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri aliitisha "nesi wa samaki" mpaka siku aliyopona. Na Getruda, aliyekuwa na zamu pamoja na Machibya wiki hizo, alikuja na kifua mbele akalalamika, "Dada, sisi wengine tumekosa nini? Hata dagaa?" Walicheka mpaka Odeta akawafukuza. Jumamosi ile aliyoandikwa badala ya Machibya, Getruda alipokuja kuingia peke yake, misuko imebanwa ndani ya kofia, aliomba tena kwa utani, "Leo basi, hata dagaa mmoja." Amondi alisikia uso ukimwaka. Aliandika jina tu, akasingizia maka peni imekauka.

Sasa walikuwa wawili chumbani. Amondi alifunga kamba za mgongoni. Ilimbidi asogee karibu, karibu kuliko walivyowahi kusogeleana kwa wiki nyingi, na aliisikia pumzi yake kupitia barakoa. Alitamani kuweka paji la uso wake pale mgongoni, mara moja tu, kisha amwache aende. Hakuthubutu.

"Umekula nini?" aliuliza.

"Ugali."

"Na nini?"

"Ugali na mboga. Endelea."

Alizunguka mbele, akakaza miwani. Macho yao yakakutana nyuma ya plastiki. Hakuyaona yakiwa na chuki, na hilo lilimuumiza zaidi, kwa sababu chuki angejua pa kuishika. Yalikuwa macho ya mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta kufuli jipya.

"Machibya, ukitoka..."

"Usinipangie kutoka. Acha niingie kwanza."

Alikata plasta. Akaandika herufi moja moja, safari hii kwa utulivu, kwa sababu alitaka zisomeke vizuri na kila mtu. Alipomaliza ya mwisho, ncha ya maka peni ilihama yenyewe kwenda pembeni, mahali pake pa siku zote.

Mkono wenye glovu uliushika mkono wake.

"Jina tu, sista," Machibya alisema.

Alichukua kile kipande, akajibandika mwenyewe, akasukuma mlango kwa kiwiko. Miaka yote waliyofahamiana hakuwahi kumwita sista wakiwa wawili.

*

Alirudi ofisini, akafunga mlango, akampigia simu Mama Kija kabla hajapata muda wa kujionea huruma.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu." Sauti ilikuwa changamfu, na nyuma yake kulikuwa na watu wanaongea. "Tunachagua vitenge hapa. Mama yako anapenda rangi gani?"

"Mama, nimemrudisha."

"Nani?"

"Machibya. Ameingia ndani sasa hivi. Yule niliyemweka badala yake ameugua, yuko kwenye oksijeni. Na nimemwambia Machibya kila kitu."

Zile sauti za nyuma zilififia. Bila shaka Mama Kija alikuwa ametoka nje.

"Huyo aliyeugua ni mtoto wa nani?" aliuliza.

"Anaitwa Getruda. Wa Ukerewe. Mama yake yuko hai."

"Sikukwambia umweke mtoto wa mtu," Mama Kija alisema. Sauti yake ilikuwa imevunjika katikati. "Mimi nilisema umtoe wangu tu."

"Nafasi haikai wazi, mama. Ukimtoa mmoja anaingia mwingine. Mimi nilijua, wewe ulikuwa hujui."

"Basi wazee hawaendi."

"Najua."

"Na lile neno nililokuwa nakuita..."

"Najua, mama. Usilitumie."

Simu ikakatwa. Vitenge vile sijui walivifanya nini. Amondi alibaki ameishika simu kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uje alilia kwa ajili yake mwenyewe, kwa sauti, akiwa ameuma ukosi wa sare yake wauguzi wa korido wasimsikie. Alimlilia Machibya, alililia gauni la Shirati ambalo halijashonwa, alimlilia baba yake ambaye angesubiri basi Jumamosi. Halafu akanawa uso. Kulikuwa na mitungi ya kuhesabu.

*

Saa kumi jioni aliteremka mpaka kwenye dirisha la kioo la wodi. Simu haziruhusiwi kuingia Wodi ya Chini, kwa hiyo waliokuwa ndani waliandika kwenye maboksi matupu ya glovu, wakayainua dirishani, na aliyekuwa nje akajibu vivyo hivyo. Kutoka pale kwenye kioo mtu aliona vitanda vinne vya kwanza. Getruda alikuwa kwenye cha pili. Amondi alimjua kwa misuko. Ilikuwa imefunguka kofiani, imelala juu ya mto, bado mipya.

Odeta, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye kiti hatimaye, alimpungia mkono wa uchovu. Mtu mrefu kando ya kitanda cha pili alikuwa ameinama, akirekebisha mpira wa oksijeni, akipandisha mto, akimgeuza mgonjwa upande taratibu. Amondi alimtazama anavyofanya kazi. Alimpenda mpaka kifua kikamuuma, na alijua huenda hana haki hiyo tena.

Kisha akaona Getruda ananyanyua mkono. Ulipanda polepole, ukagusa plasta kifuani kwa Machibya. Kidole kimoja kikapita juu ya jina, herufi hadi herufi, kikafika mwisho, kikabaki pale pembeni, kwenye weupe, kikizunguka.

Machibya aliganda. Aliinamisha sikio karibu na barakoa ya mgonjwa. Alipoinuka, alichukua kipande cha boksi, akaandika akiwa amewapa mgongo, akaja mpaka kwenye kioo. Akakiinua.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa kazi: *Getruda 86. Mitungi imebaki mitatu.*

Chini yake: *Anauliza samaki yuko wapi. Nimjibu nini?*

Amondi alisoma mara mbili. Majibu yalimjia haraka, yote mepesi. Maka peni imekauka. Metroni alikuwa na haraka. Mwambie nitamchorea wa kwake, mkubwa, sangara. Binti angetabasamu, na pengine tabasamu lingemfaa kuliko kitu kingine chochote. Machibya alisimama pale pale akisubiri. Macho yake nyuma ya miwani hayakumsaidia wala hayakumharakisha.

Akachana upande wa boksi kutoka kwenye rundo lililokuwa chini, akafungua maka peni kwa meno, akaandika. Aliuinua kwa mikono miwili.

*Mwambie nilichomfanyia. Mwambie ni mimi nimesema.*

Machibya alisoma. Alimtazama Amondi, kwa mara ya kwanza tangu saa sita, kama mtu anayemjua. Hakutikisa kichwa, hakutabasamu. Aligeuka, akarudi kitanda cha pili, akapiga magoti ili mdomo wake ufike kwenye sikio la Getruda.

Alizungumza muda mrefu. Amondi alihesabu pumzi za mgonjwa kwa kuangalia shuka likipanda na kushuka, kama alivyofundishwa chuoni, kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika. Ishirini na nane. Thelathini. Miguu ilimwambia aondoke, rosta ya wiki ijayo ilikuwa haijaandikwa, kulikuwa na watu mia wenye shida naye huko juu.

Shuka lilitulia kidogo, kisha likaendelea. Getruda aligeuza kichwa juu ya ile misuko ya harusi, akaitafuta sura ya Amondi kiooni, akaipata.

Amondi aliishusha barakoa yake mpaka kidevuni ili aonekane vizuri, akabaki pale.